Betri ya Kushoto, Betri ya Kulia

Jumatatu, 17 Aprili 2023

Kiraga, tunakonunua kahawa, saa kumi na mbili jioni. Magunia yamepangwa, wakulima wamelipwa, mvua inanukia. Dereva kageuza ufunguo wa pikapu: stata imezunguka kivivu, ikasita, ikazunguka tena, ndipo injini ikashika. Hakusema kitu, nami sikusema kitu, lakini wote wawili tumesikia.

Kahawa mbivu haingoji. Iliyochumwa asubuhi inatakiwa ifike kwenye mashine ya kumenyea siku hiyohiyo. Ikilala guniani inachacha, na ule uchachu hautoki tena, uoshe uoshavyo. Tuko katikati ya msimu. Pikapu ikigoma jioni moja, hasara si yangu peke yangu. Kuna akina mama wa kule juu ambao ada ya shule ya muhula huu iko ndani ya magunia haya.

Naandika leo ili kesho nisijiambie kwamba ilikuwa baridi tu.

Jumatano, 19 Aprili

Fundi amekuja na mita yake. Akapima betri zikiwa zimeungwa: kushoto 12.3, kulia 12.3. "Zote zimechoka sawa, dada," akasema. Nikamwambia hizo ni namba za betri moja, kwa sababu gari hili lina betri mbili zilizoungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Zikiwa hivyo mita haiwezi kuona tofauti. Fuso la jirani nalo lina betri mbili, lakini zake zimefuatana, moja inaishia nyingine inapoanzia, na jumla ni volti 24. La kwangu linabaki na volti 12, ila nguvu ya kusukuma stata inakuwa ya betri mbili. Fundi anayajua haya vizuri kuliko mimi. Alikuwa na haraka tu.

Tukazitenganisha, tukanywa chai, tukangoja saa nzima. Kushoto 12.5. Kulia 12.1. Akatoa kile kipimo cha asidi, cha mpira na kioo, akafungua vifuniko. Vyumba sita vya betri ya kushoto vyote vimesoma karibu 1.24. Vya kulia vitano vimesoma 1.20, na cha tatu kutoka mwisho 1.10. Asidi ya betri iliyojaa inapaswa kusoma kama 1.27 au 1.28. Hiyo 1.10 ni ya chumba kisicho na chaji. Chumba hicho kimekufa au kinakufa.

Halafu tukawasha gari kwa betri moja moja. Ya kushoto ilishuka hadi 10 hivi wakati stata inazunguka, injini ikashika. Ya kulia ilishuka hadi 8 na stata haikumaliza hata mzunguko mmoja. Injini hii ni 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina plagi ya cheche. Dizeli yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa zaidi ya mara ishirini. Kuisukuma pistoni ibane hewa kiasi hicho kunataka nguvu, na kabla ya hapo plagi za joto zimekwisha kunywa sehemu yao. Ndiyo maana waliotengeneza gari wakaweka mbili.

Fundi anashauri tubadili ya kulia tu. Nimemwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba fedha zote ziko kwenye kahawa.

Jumapili, 23 Aprili

Baada ya kanisa nimevaa glavu nikasafisha vichwa vya betri mwenyewe. Maji ya moto na soda ya kuokea. Ule unga mweupe wenye ukijani ukachemka ukaisha. Nilipoinamia ya kulia nikaona kitu ambacho hakuna aliyenitajia: bano la chuma linaloishika halina nati upande mmoja. Mtu, sijui lini, alilifunga kwa kamba ya mpira wa tairi.

Basi nimepata sababu, na imenisumbua siku nzima. Lami ya kutoka mjini Gisenyi kwenda Karongi ni nzuri, lakini kahawa haioti kando ya lami. Kila jioni tunashuka njia za mawe. Betri isiyoshikwa inaruka ndani ya kiti chake, na ndani ya betri mabamba ya risasi yanapukutisha unga wake kidogo kidogo. Unga unashuka chini, unarundikana, siku moja unagusa bamba chanya na bamba hasi kwa pamoja, na chumba hicho kinajimaliza chenyewe. Nati moja!

Nimenunua nati. Nimekaza. Betri nitanunua mwezi wa sita, mavuno yakiisha.

Jumatano, 3 Mei

Naandika saa nne usiku, kwa mshumaa. Mkono bado unatetemeka.

Mvua imenyesha usiku kucha kwa namna ambayo sijawahi kuisikia. Karibu na alfajiri tukasikia Sebeya. Mto huu nimeuzoea tangu utoto, unapita unashuka kuelekea ziwani, una sauti yake. Hii haikuwa sauti yake. Jirani yetu wa bondeni, yule bibi anayeishi na wajukuu watatu, maji yalikuwa yamefika mlangoni. Vijana wakamtoa mgongoni hadi uani kwangu, wakamfuata wengine, na uani kwangu nako si pa juu sana. Ilibidi kuwapeleka shuleni, mlimani.

Dereva akageuza ufunguo. Klik. Akarudia. Klik.

Kwetu njia ya kutokea inateremka kwanza, kisha inapinda kupanda. Kwenye kona ndipo maji yalipokuwa yamefika. Maana yake tulikuwa na mteremko wa hatua arobaini hivi kabla ya maji, na gari lingeshika ndani ya hatua hizo au lisishike kabisa. Bibi na watoto tukawaacha wasimame ukutani. Wanaume saba wakasukuma. Dereva akaweka gia ya pili, akaachia klachi mapema, gari likaguguma, likajikwaa, likateleza kwenye tope, likashika. Zilibaki hatua kumi. Nilizihesabu baadaye, mchana, maji yalipopungua.

Tumepeleka watu mara tano. Hatukuizima injini hadi saa tano asubuhi.

Ningemwacha dereva aingie ndani ya gari lile linaloshuka kwenye maji. Nilimwacha. Kwa sababu ya betri tuliyoipima tarehe 19 nikajua imekufa.

Ijumaa, 5 Mei

Redio inasema waliokufa katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini wamezidi 130. Hapa wilayani kwetu Rubavu kila mtu ana mtu wa kumlilia au wa kumpa pole. "Komera, komera," yaani jipe moyo, ndilo neno pekee linalosikika njiani. Magunia tisa yaliyokuwa kwenye banda la chini yamechukuliwa na maji. Sina la kusema juu ya magunia.

Betri mbili, wiki ijayo. Nimemwambia mume wangu, naye amesema tuuze mbuzi.

Jumanne, 9 Mei

Siku nzima mjini na dereva. Kabla ya kuondoka fundi alipima altaneta injini ikiunguruma: 14.1. Nzuri. Nilisisitiza hilo lianze, kwa sababu altaneta mbovu huua betri mpya kama ilivyoua ya zamani, na mtu hurudi dukani kumgombeza muuzaji asiye na kosa. Gari likiwa limezimwa tulipima pia umeme unaovuja: mdogo sana, kiasi cha saa na redio.

Kwa nini mbili na si moja? Nimejibu swali hili mara tatu leo, kwa watu watatu tofauti, wote wanaume, wote wenye upole. Nimewaambia kuhusu ingobyi. Zamani mgonjwa alibebwa milimani kwenye machela, watu wanne mabegani. Mmoja akiwa dhaifu, uzito wake hauendi kwa mgonjwa, unaenda kwa wenzake. Betri dhaifu ikiungwa na nzima hufanya hivyohivyo usiku gari likiwa limelala: nzima inamimina umeme wake kwa dhaifu, saa baada ya saa, ikijaribu kuijaza na haijai. Ndivyo ya kushoto ilivyonyonywa hadi ule usiku wa mvua. Nikiweka mpya kando ya ile ya kushoto yenye miaka minne, nitakuwa nimeajiri mpya kumbeba mzee. Mwakani nanunua tena.

Duka la kwanza. Muuzaji anasifu jina lililoandikwa kwenye betri, dhamana ya mwaka, nembo inayong'aa. Nikaomba kuipima. Akakataa, akasema hakuna mteja anayepima. Tukaaga.

Duka la pili, mama mmoja mkarimu, akaniachia mita kwa furaha. 12.3. Betri mpya, haijawahi kuwashia gari hata mara moja, na imekwisha poteza karibu nusu. Tukatafuta namba za kiwandani zilizogongwa kwenye plastiki: imetoka kiwandani zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Betri yenye asidi ndani inajimaliza polepole hata rafuni, na ikikaa bila kujazwa mabamba huvaa ukoko mgumu ambao chaji ya baadaye haiutoi wote. Yule mama hakuwa anajua. Akaniuliza afanye nini na zile nyingine sita. Nikamwambia anunue chaja ndogo, azijaze kila baada ya miezi mitatu. Akaandika.

Dereva alitaka tuvuke mpaka tukatafute Goma, kule Birere, kuna za mtumba kwa nusu bei. Nimekataa. Betri ya mtumba ni umri wa mtu mwingine, na mpaka siku hizi unafungwa mapema. Ukigundua kasoro jioni, umekwisha.

Alhamisi, 11 Mei

Nimenunua.

Duka la tatu, nje kidogo ya mji. Kilichonivutia ni kwamba betri zao hufika bila asidi. Mabamba yamechajiwa kiwandani yakakaushwa, na asidi inamiminwa siku ya kuuza, mbele yako. Umri wa rafuni hauzili sana zikiwa kavu. Zimetengenezwa Nairobi. Nilichagua hizo pia kwa sababu ninaweza kupata nyingine kama hiyo mwaka wowote, Musanze au Kigali, bila kungoja meli.

Kwanza kulikuwa na tatizo. Alinitolea mbili za ukubwa wa N70, nzuri kabisa, tarehe moja, lakini zote za R. Herufi hiyo ya mwisho, L au R, inaonyesha kichwa chanya kiko upande gani. Gari langu linataka moja ya L na moja ya R, kwa sababu zimekaa pande mbili za injini zikitazamana. Akasema waya utavutwa utafika. Waya ukivutwa unakaza kichwa, gari likitikisika kichwa kinalegea, kikilegea kinatoa cheche. Na betri ikichajiwa hutoa hewa inayowaka. Sikubali. Akaenda stoo akarudi na L. Tarehe ya kiwandani ni ya mwezi mmoja na ile ya R. Sawa.

Juu yake imeandikwa ampea za kuwashia penye baridi. Muuzaji alitaka niangalie hiyo tu, kubwa ndiyo bora. Kipimo hicho hufanywa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Sisi tuko mita 1,460 juu ya bahari, kando ya ziwa, hapa maji hayajawahi kuganda. Ni namba ya kulinganisha betri na betri, basi, na zote alizokuwa nazo zilizidi mahitaji ya injini. Mimi niliuliza uzito. Kati ya betri mbili za ukubwa mmoja, mara nyingi nzito ndiyo yenye risasi zaidi. Akacheka, akaleta mizani ya vitunguu. Za Nairobi zilishinda ile nyingine aliyokuwa akiisifia kwa karibu kilo moja na nusu.

Nilimuuliza pia juu ya zile za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na blanketi la nyuzi za kioo na hazijali mitikisiko sana. Hakuwa nazo, na bei aliyonitajia ya kuziagiza ni ya betri nne hizi. Njia zangu zingezifaa. Siku nyingine, Mungu akipenda.

Faranga 118,000 moja. Nimelipa kwa simu, kwa MoMo. Tulikaa kwenye benchi asidi ikiingia taratibu hadi kwenye alama, tukangoja mabamba yanywe, akaongeza, kisha akaziweka kwenye chaja hadi saa kumi. Alikataa kuniruhusu kuondoka mapema ingawa nilikuwa na haraka. Namheshimu kwa hilo. Atanirudishia faranga 15,000 kwa kila betri kuukuu nitakayompelekea ndani ya mwezi mmoja.

Bano jipya la chuma, nati mbili, waya mpya wa hasi. Dereva ameandika tarehe ya leo kwenye kila betri kwa rangi nyeupe. Ufunguo. Injini imeshika kabla hajaumaliza mzunguko, nami nikageuka kutazama ziwa ili asinione.

Jumamosi, 27 Mei

Umuganda, kazi yetu ya pamoja, leo ulikuwa wa tope. Kijiji kizima na majembe, tukisomba udongo kutoka nyumba zilizobaki. Pikapu imefanya safari kumi na moja, kuwashwa na kuzimwa kila safari. Sikuisikia ikisita. Yule bibi amekwenda kuishi kwa binamu yake. Paa lake lipo, ukuta haupo.

Nilikaza nati za mabano jioni. Nitafanya hivyo kila Jumamosi.

Ijumaa, 9 Juni

Kesho kutwa mwezi wa muuza betri unakwisha, na betri kuukuu bado ziko chini ya kibanda changu, vichwa vimefunikwa kwa plastiki.

Leo amekuja mvuvi wa Rubona. Ni mtu mzima, mstaarabu, namfahamu. Anataka ile ya kushoto kwa taa za kuvulia sambaza. Samaki hao waliletwa hapa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wanafuata mwanga: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, taa juu ya maji, nyavu chini. Taa za mafuta ya taa zinaondoka, za betri zinaingia.

"Mama, hiyo bado inasoma 12.5. Nitakupa 25,000."

Anatoa zaidi ya dukani. Nimekaa naye, tukazungumza kwa kirefu. Betri ya kuwashia gari ina mabamba mengi na membamba, imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na kujazwa papo hapo. Taa inataka kidogo kidogo usiku mzima hadi betri ikauke. Ukiifanyia hivyo betri ya gari, tena ya miaka minne, itakufa ndani ya wiki chache, usiku, katikati ya ziwa. Nikamwambia atafute yenye mabamba mazito, ya sola. Aliniangalia kama mtu anayefikiri namnyima. Halafu akauliza bei zake mjini.

Ya kulia wameitaka vijana wawili jana. Wanataka kuivunja, wamwage asidi, wayeyushe risasi kwenye sufuria wapate vizito vya nyavu. Walinielezea bila kuficha, hawaoni ubaya. Mmoja ana mtoto wa miezi minane, na sufuria ni ya nyumbani.

Niliwasimulia Owino Uhuru, kule Mombasa. Kilifunguliwa kiwanda mwaka 2007 katikati ya makazi ya watu, kazi yake kuyeyusha betri kuukuu za magari. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa ofisini hapo. Mwanawe mchanga akaugua, damu ikapimwa, ikakutwa na risasi. Alipigana miaka mingi, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Miaka mitatu sasa, bado wanazidai. Risasi ikiingia kwa mtoto inaenda kwenye ubongo, na wala haina harufu ya kukuonya. Vijana walisikiliza. Yule mwenye mtoto akaniuliza kama kuchemsha mara moja tu kuna shida. Nikamwambia ndiyo, hata mara moja, na sufuria ile wasipikie tena.

Betri moja ni kilo ishirini hivi, na zaidi ya nusu ni risasi. Ni ya kurudi kiwandani ikiwa nzima, asidi yake ndani, imesimama, haikulazwa. Si ya kumwagwa Sebeya. Mto huu umechukua vya kutosha mwaka huu.

Jumapili, 11 Juni

Jana tumepeleka zote mbili dukani, zimefungwa kwa kamba kwenye kreti la chupa ili zisilale. Muuzaji amerudisha 30,000. Alizipanga juu ya mbao pamoja na nyingine, akasema zitaondoka na lori linaloleta mpya.

Pale dukani tumemkuta yule mvuvi wa Rubona, ameshika mita, anapima betri ya sola. Amenisalimu kwa kichwa, akaendelea kupima.

Asubuhi hii nimezitenganisha za kwangu tena, nikangoja saa nzima kama siku ile.

Kushoto 12.68. Kulia 12.67.

Vyumba vyote kumi na viwili, 1.27.

Nati zimekazwa.

Kesho Kiraga, gunia la mwisho la msimu.